Mwenyeji na Mgeni Katika Nyumba ya Elimu

Kiswahili kina neno moja, mwenyeji, lenye kubeba maana mbili ambazo lugha kadhaa za Ulaya huzitenga. Mwenyeji ni mtu wa mji, aliyezikwa kitovu chake hapo. Na mwenyeji ni yule ampokeaye mgeni, amtandikiaye mkeka na kumletea maji ya kunawa. Maana ya pili yaitegemea ya kwanza, kwa kuwa asiye na mji hana pa kumkaribishia mtu. Kiingereza kina neno lake kwa watu wa asili ya nchi, na kina neno jingine, lisilo na udugu nalo, kwa mpokeaji wa wageni. Kwa sababu hiyo mtu aweza kusoma maandiko mengi ya siku hizi juu ya wanafunzi wa asili katika vyuo vikuu vya Kanada, Australia au Nyuzilandi, asikutane hata mara moja na fikira kwamba watu hawa, ambao vyuo huwahesabu kuwa ni wenye kusaidiwa, kwa haki ndio wenye kukaribisha.

Kimaori kina usemi ulio ndugu wa neno la Kiswahili. Tangata whenua ni watu wa ardhi. Na katika uwanja wa makutano uitwao marae, tangata whenua ni wale wakaao upande wa nyumba na kuwapokea manuhiri, yaani wageni. Udugu huo waendelea hata ndani zaidi, maana whenua ni ardhi na pia ni kondo la nyuma, ambalo kwa desturi ya Wamaori hurudishwa ardhini mtoto azaliwapo. Msomaji wa pwani aliyewahi kuambiwa wapi kitovu chake kimezikwa hahitaji maelezo. Basi nyumba za Wamaori zilizojengwa ndani ya vyuo vikuu vya Nyuzilandi, pamoja na vituo vya utafiti vilivyozaliwa kandokando yake, yafaa zihukumiwe kwa kipimo hicho. Hesabu ya wanafunzi waliosaidiwa kufaulu ina maana yake, lakini swali lililo kubwa ni kama mwanafunzi aingiaye humo hugeuka kuwa mwenyeji, au hubaki mgeni aliyepewa chumba kizuri.

Mmaori wa kwanza kumaliza shahada katika chuo cha Nyuzilandi alikuwa Apirana Ngata, aliyepata shahada ya sanaa mwaka 1893 na ya sheria mwaka 1896. Alisoma katika Chuo cha Canterbury, mjini Christchurch, katika majengo ya mawe yaliyoiga Uingereza ya kale. Ngata alipita humo kama apitavyo mgeni mwerevu katika nyumba ya watu, akachukua alichokijia, akaondoka. Lakini maisha yake yote ya baadaye yaweza kusomwa kama jibu kwa kuta zile. Mwaka 1928 ilitoka sehemu ya kwanza ya mkusanyo wake wa nyimbo za kale, Nga Moteatea. Na katika miaka hiyohiyo alihimiza kuanzishwa kwa shule ya uchongaji mjini Rotorua, kwa kuwa ufundi wa kuchonga nyumba za makutano ulikuwa karibu kufa. Katika shule ile alifunzwa Pine Taiapa. Na Pine Taiapa alimfunza Pakariki Harrison. Na Pakariki Harrison ndiye aliyesimamia uchongaji wa nyumba iliyofunguliwa mwaka 1988 katika uwanja wa Waipapa, ndani ya Chuo Kikuu cha Auckland. Kutoka shahada ya mwaka 1893 mpaka nyumba ya mwaka 1988 ni miaka 95, nao uzi haukukatika. Wale wadhanio kwamba nyumba hizi ni ukarimu wa watawala wa vyuo wa juzijuzi wangefaidika kuufuata uzi huo.

Ukarimu wenyewe, kwa hakika, ulichelewa. Kimaori kilianza kufundishwa kama somo katika chuo cha Auckland mwaka 1951, na Bruce Biggs ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo. Wanafunzi walikwenda mbio kuliko walimu wao. Mwaka 1970 vijana wa Auckland waliunda chama cha Nga Tamatoa. Mwaka 1972, pamoja na wenzao wa jumuiya ya lugha ya Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, walipeleka Bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000 la kutaka Kimaori kifundishwe mashuleni. Mwaka 1979, katika Auckland ileile, wanafunzi wa uhandisi waliokuwa na mazoea ya kuidhihaki ngoma ya haka kila mwaka walivamiwa na kundi la vijana wa Kimaori, na mambo yakaishia mahakamani. Dhihaka ile ilikuwa imelalamikiwa kwa miaka mingi pasipo kusikilizwa. Yafaa kukumbuka hayo, kwa sababu nyumba ya 1988 ina harufu ya mbao na udi wa amani, na mgeni aingiaye leo aweza kusahau kwamba ilitanguliwa na ngumi.

Wellington ilitangulia kujenga. Mwaka 1980 nyumba ya kawaida ya mbao, katika barabara ya Kelburn Parade, ilirekebishwa ikawa marae ya chuo, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika chuo kikuu cha nchi ile. Mwaka 1986 ikafunguliwa nyumba yenyewe iliyochongwa. Mahali pale paliitwa Te Herenga Waka, yaani mahali pa kufungia mitumbwi. Watu wa pwani watalionja jina hili mara moja. Wamaori huhesabu nasaba zao kwa vyombo vilivyowaleta wazee wao kutoka visiwa vya mashariki ya bahari. Kumwuliza mtu chombo chake ni kumwuliza ukoo wake. Wanafunzi hutoka katika vyombo vingi, nacho chuo si cha chombo kimoja. Jina, basi, halidai kwamba wote ni ndugu wa tumbo moja. Lasema tu kwamba hapa pana nguzo, kila mmoja na afunge kamba yake. Kwa ufasaha na kwa ukweli ni vigumu kupata jina bora kuliko hilo kwa nyumba ya wanafunzi walioacha makwao.

Nyumba ya Waipapa yaitwa Tāne-nui-a-Rangi, na yafaa kusomwa kama usomwavyo utenzi. Nyumba ya Kimaori ni mwili wa mzee wa kale. Mwamba wa paa ni uti wa mgongo wake, makombamoyo ni mbavu, mbao mbili zinazoteremka kutoka kileleni mwa paa upande wa mbele ni mikono iliyonyooshwa kupokea. Aingiaye mlangoni huingia kifuani mwa babu. Tāne, katika mapokeo ya makabila kadhaa, ndiye aliyepanda mbinguni akateremka na vikapu vitatu vya elimu. Kuiita nyumba ya chuo kikuu kwa jina lake ni kusema neno kali kwa adabu: kwamba elimu katika nchi hii ilikuwa na mletaji wake kabla ya kuja kwa maprofesa, na kwamba aliifuata mbinguni kwa jasho. Kutani wamechongwa wahenga wa vyombo mbalimbali, ili mwanafunzi wa kabila lolote apate mmoja wa kumwegemea. Hapa shairi la mbao lafanya kazi ambayo hakuna ofisi ya msaada iwezayo kuifanya. Kijana aliyekulia mjini, asiyejua lugha ya bibi yake, aingiapo katika ukumbi wa mihadhara huona haya kwa kutojua Kiingereza cha wasomi. Aingiapo katika nyumba hii huenda akaona haya maradufu kwa kutojua Kimaori. Lakini haya ya pili ina dawa ndani yake, kwa sababu amtazamaye kutoka ukutani ni mtu wake.

Mpango wa mapokezi nao ni sehemu ya maana ya nyumba. Wageni husimama langoni. Hawaingii mpaka isikike sauti ya mwanamke ikiwaita, na mwanamke wa upande wao amjibu; kisha huja hotuba, nyimbo, kugusana pua, na mwisho chakula, ambacho ndicho kinachowaondolea ugeni. Mtu ambaye jana alikuwa mgeni, akiisha kupokewa, kesho aweza kusimama upande wa nyumba kuwapokea wengine. Ugeni, kwa desturi hii, ni mlango wa kupitia. Katika ofisi ya kawaida ya chuo, mwanafunzi aliyesaidiwa mwaka wa kwanza hubaki jina katika daftari la waliosaidiwa. Katika marae, mwaka wa pili huosha vyombo, na mwaka wa tatu huandaa chakula cha wageni wa chuo. Haielekei kwamba wale waliotunga taratibu za misaada walifikiri kuosha vyombo kuwa elimu, lakini ndiko kunakomgeuza mpokewa kuwa mpokeaji.

Isidhaniwe kwamba nyumba hii haina ufa. Nyumba ya makabila yote, iliyosimama katika ardhi ya kabila moja, ina swali ambalo mchongaji hawezi kulijibu kwa patasi. Auckland ni nchi ya Ngāti Whātua. Kijana wa Ngāti Porou, aliye mwenyeji mbele ya profesa kutoka ng'ambo, ni mgeni mbele ya mzee wa Ngāti Whātua, hata awe amesimama upande wa nyumba. Wamaori wenyewe walijua hilo tangu mwanzo na wamelichukua kwa adabu zao; ni maandiko ya vyuo yanayolifunika, kwa kusema juu ya wanafunzi wa Kimaori kana kwamba ni kundi moja lisilo na ndani yake wenyeji na wageni. Na liko jambo jingine, dogo kwa sura. Msiba wa Kimaori huchukua siku tatu au zaidi, na kukosa kuhudhuria ni aibu isiyosahaulika. Mtihani wa chuo huchukua saa chache na una tarehe yake. Nyumba nzuri kuliko zote haiondoi mgongano huo. Yaweza tu kumpa mwanafunzi mtu wa kumsemea kwa mkuu wa idara, naye mkuu wa idara yu upande wa pili wa barabara, katika jengo lisilo mbavu wala uti wa mgongo.

Katika hadithi hii Afrika ya Mashariki imo, na si kwa kulazimishwa. Mwaka 1984, miaka minne kabla ya nyumba ya Waipapa kufunguliwa, Ngũgĩ wa Thiong'o alialikwa kutoa mihadhara ya Robb katika Chuo Kikuu cha Auckland. Kutokana na mihadhara ile kilitoka kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, ambamo aliaga kuandika kwa Kiingereza na kutangaza kwamba tangu hapo kalamu yake itakuwa ya Kigikuyu na Kiswahili. Kitabu hicho hutajwa kila mahali kuwa cha Kiafrika, nacho ni cha Kiafrika; lakini kilizungumzwa kwanza katika nchi ya Wamaori, wakati ambapo wao wenyewe, kupitia shule ndogo za lugha zilizoanzishwa mwaka 1982, walikuwa wakipigania ulimi wa watoto wao.

Kuvisoma kitabu na nyumba pamoja kwafaa vyote viwili. Mwaka 1968, mjini Nairobi, Ngũgĩ, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake pawekwe idara ambayo Afrika ndiyo kitovu chake. Huo ulikuwa mwito wa mwenyeji adaiye nyumba yote. Wamaori, walio wachache katika nchi yao, hawakuwa na uwezo wa kudai nyumba yote. Walidai sehemu ya uwanja, wakajenga. Kisha kuna Kamĩrĩĩthũ, ambayo Ngũgĩ aieleza kwa uchungu katika kitabu kilekile: wanakijiji walijenga jukwaa lao wenyewe, mchezo wa Ngaahika Ndeenda ukachezwa mwaka 1977, mtunzi akatiwa kizuizini, na mwaka 1982 serikali ikaubomoa ukumbi. Jukwaa la kijiji halikuwa na chuo cha kulilinda. Marae ya chuo inalindwa, lakini hulipa kodi ya ulinzi huo, kwa kuwa bajeti yake hupitishwa na baraza ambalo wenyeji ni wachache ndani yake. Ngũgĩ, kwa ukali wake wote juu ya lugha, hakusema mengi juu ya wapi ndani ya chuo kikuu lugha iliyorudishwa italala na kula. Wajenzi wa Waipapa walianza na hilo. Yeye alikuwa na nadharia iliyo pana kuliko yao. Wao walikuwa na jiko.

Utafiti ni sura ya pili ya jambo hili, nayo ina historia chungu. Kati ya mwaka 1849 na 1854 hivi, Wiremu Maihi Te Rangikāheke wa Te Arawa alimwandikia Gavana George Grey mamia ya kurasa za visa, nasaba na desturi. Grey alizitumia katika vitabu vyake vya mwaka 1854 na 1855, vikampa sifa ya utaalamu, na jina la mwandishi halikutajwa. Wasomaji wa Kiswahili wamkumbukao Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemkusanyia W. E. Taylor tungo za Muyaka, watajua kwamba jina la mjuzi likihifadhiwa ni bahati, na wengi hawakuipata.

Kitabu cha Linda Tuhiwai Smith, Decolonizing Methodologies, kilichotoka mwaka 1999, ni kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya akina Te Rangikāheke. Mwandishi alikuwa katika Nga Tamatoa ujanani, na baba yake, Hirini Moko Mead, alikuwa profesa wa elimu ya Kimaori mjini Wellington. Aanza kwa kusema kwamba kwa watu waliochunguzwa, neno utafiti lenyewe lanuka. Mswahili ana haki ya kutabasamu hapa, kwa sababu katika kamusi za zamani kutafiti ni kudadisi mambo ya watu kupita kiasi. Lugha ilikwisha kutoa hukumu yake kabla wasomi hawajaitakasa. Sura iliyo bora ni ile aorodheshapo kazi 25 ambazo watafiti wa asili wanazifanya wenyewe. Smith huzitaja kwa vitenzi, kama kudai, kushuhudia, kukumbuka, kurudisha na kutaja kwa jina, na mtafiti wa namna hii hueleweka kwa alitendalo mbele ya watu wake. Sura za kwanza ni nzito zaidi, na zimejaa majina ya wanafalsafa wa Ulaya wanaoitwa washuhudie dhidi ya Ulaya. Kitabu kinachotetea nyumba ya wenyeji kimeandikwa kwa lugha ya mgeni, na kwa lahaja ya mgeni aliyesoma sana. Smith ayatumia maneno ya Ngũgĩ kwa heshima, ila hamfuati katika uamuzi wake wa lugha. Yaweza kujibiwa kwamba alikusudia kusomwa na watu wa asili wa dunia nzima, ambao lugha yao ya pamoja ni Kiingereza. Jibu hilo ni la kweli, nalo laonyesha jinsi mtego ulivyotegwa vyema.

Matendo yaliyofuata yalikipa kitabu nguvu ambayo hoja pekee isingekipa. Mwaka 2002 kilianzishwa kituo cha utafiti cha Ngā Pae o te Māramatanga, chenye makao Auckland, na Smith akiwa mmoja wa wakurugenzi wake wawili wa kwanza. Graham Hingangaroa Smith na wenzake walijiwekea lengo la Wamaori 500 waliopata udaktari au walio njiani kuupata, na katika muongo uleule wakalifikia. Waliwakutanisha wanafunzi waliotawanyika vyuoni, wakawalisha, wakawasomea rasimu, wakawazuia wasiache. Yaani waliutoa utaratibu wa marae wakautia katika shahada ya udaktari, ambayo kwa mila ya Ulaya ni safari ya mtu peke yake. Hata hivyo mwaka 2014 kituo hicho kilikaribia kuzimwa, pale kilipoachwa nje ya orodha fupi ya vituo vya kupewa fedha za taifa, kikanusurika baada ya malalamiko na uamuzi mpya. Mwenyeji ambaye mkeka wake waweza kukunjwa na mtu mwingine ni mwenyeji wa namna gani? Vyuo vya Kimaori vilivyojengwa nje kabisa ya vyuo vikuu, kama Te Wānanga o Raukawa cha mwaka 1981, vilianzishwa na watu waliojiuliza hivyo mapema.

Siku za karibuni majina yamepanda ngazi. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Wellington kilichukua jina la marae yake, Te Herenga Waka, likawa jina la Kimaori la chuo kizima; mwaka 2021 Auckland ikapewa na Ngāti Whātua Ōrākei jina la Waipapa Taumata Rau. Wako waonao humo ushindi mtupu. Lakini jina la nguzo likibandikwa juu ya bandari yote, nguzo huweza kusahauliwa mahali ilipo. Na jina la Wellington lilifika mara tu baada ya waziri kukataa, mwaka 2018, mpango wa chuo wa kubadili jina lake la Kiingereza. Zawadi ya Ngāti Whātua ni jambo jingine na lafaa kutofautishwa, kwa kuwa huko aliyetoa jina ni mwenye ardhi, na kumpa mgeni wako jina ni tendo la uwenyeji lisilo na shaka.

Mwaka 2024 kibao kilichosema kwamba sehemu fulani ya chuo cha Auckland imetengwa kwa wanafunzi wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki kilizusha kelele kubwa, na wanasiasa wakakiita ubaguzi. Waliokitetea walisema wanafunzi hao wahitaji mahali pa faragha pa kusomea. Pande zote mbili zilizungumza juu ya chumba kana kwamba kazi yake ni kuwafungia watu nje au ndani. Wakati huohuo, hatua chache kutoka pale, desturi ya Waipapa ilikuwa palepale: mwalimu mpya ajapo chuoni, awe ametoka London au Dunedin, husimama langoni pamoja na jamaa zake, kimya, akingoja mwanamke aite.